Hatua Mbili Kati ya Jiko na Kalibu

Jiko liko chini, tofali tatu na sufuria ya chuma juu yake. Kalibu, umbo la chuma la kumiminia, iko juu ya ubao, hatua mbili upande wa pili, kwa sababu hapo ndipo palipopatikana nafasi. Anayesubu anachutama, anateka risasi kwa upawa, anainuka, anageuka, anapiga hatua mbili, anamimina. Anapofungua kalibu, chubwi, kile kipande cha kuzamishia mshipi wa kuvulia, inatoka na makunyanzi kama utando wa maziwa yaliyopoa, na ubavu mmoja haukujaa.

"Ongeza moto," anasema aliyesimama pembeni.

Jibu hilo linanisumbua wiki kadhaa sasa. Linatoka mdomoni upesi, linaonekana la busara, na mara nyingi ndilo linaloharibu kazi. Moto ukiongezwa, chubwi ya pili hutoka nafuu kidogo, mmiminaji akaridhika, na kuanzia hapo kila siku chungu kinachemshwa kupita kiasi ili kufidia hatua mbili ambazo hazikuhitajika.

(Risasi ninayosema hapa ni madini, ile ya kutia uzito kwenye mshipi. Kiswahili kimeyapa jina moja madini hayo na kile kitokacho kwenye bunduki, wala si ajabu, maana vyote viwili hutoka kwenye chungu cha aina moja. Marekani wako watu wanaosubu za bunduki nyumbani kama burudani, nao wameumiza vichwa sana juu ya mpangilio wa meza ya kumiminia. Tuazime mpangilio. Za bunduki tuwaachie wenyewe. Kwetu bila leseni ni kesi.)

## Risasi haina akiba ya joto

Risasi huyeyuka ikifika nyuzi 327 za Selsiasi. Kwa chubwi, kumimina kwenye nyuzi 360 hadi 400 kunatosha kabisa. Maana yake, ukiteka upawa wa nyuzi 380, una nyuzi hamsini na kitu tu mkononi kabla haijaanza kuganda.

Na nyuzi hizo hupotea haraka kuliko tunavyodhani, kwa kuwa risasi ni nzito lakini ni maskini wa joto. Upawa wenye gramu 700 za risasi hubeba kwa kila nyuzi joto lile lile linalobebwa na maji ya kijiko kimoja na nusu cha mezani. Nani angebeba kijiko cha maji ya moto hatua mbili uani, upepo ukipiga, akategemea yafike yakiwa vilevile?

Upande wa pili wa hesabu hiyo unashangaza zaidi. Kutoa kilo 10 za risasi kwenye joto la kawaida mpaka nyuzi 380 kunahitaji joto karibu sawa na kuchemsha lita mbili na robo za maji. Birika moja la chai ya wageni, basi. Jiko dogo la gesi linaiweza kazi hiyo bila jasho. Jiko la mkaa lenye feni au mifuo linaiweza kupita kiasi, na hapo ndipo tatizo lilipo: mkaa ukishika huna pa kuupunguzia.

Kwa hiyo moto haukuwa haba hata kidogo. Kilichokuwa kirefu ni mkono.

## Meza

Mdomo wa chungu uwe usawa wa kiuno au chini yake kidogo, ili upawa ushuke na kupanda kwa kiwiko, si kwa bega. Kalibu iwe shubiri moja kutoka ukingoni mwa chungu, na mdomo wake uwe chini kuliko ukingo huo kwa vidole vinne hivi. Risasi itoke juu iende chini, bila mmiminaji kuinua kitu wala kusogeza mguu.

Hilo tu. Mengine yote ya meza hii yanafuata kanuni hiyo.

Meza iwe ya chuma, au ya mbao nene iliyofunikwa bati, na isitikisike. Lita moja ya risasi ina uzito wa kilo 11 na ushei, kwa hiyo chungu kinachoonekana kidogo kama bakuli la supu kinaweza kuangusha meza ya kupigia pasi. Isukume kwa nyonga kabla ya kuwasha. Ikicheza, ipigie misumari au ibadilishe.

Kalibu yenye mikono miwili haihitaji kushikwa muda wote. Ibane kwenye jiliwa iliyofungwa mezani, au itengenezee kibao chenye vizuizi pande tatu ili kila mara irudi mahali pale pale. Mkono uliokuwa umeshika kalibu sasa uko huru kushika koleo. Wenye kusubu chubwi za tundu katikati wanalijua hili: spoku ya baiskeli iliyopitishwa ndani ya kalibu lazima ivutwe chubwi ikingali ya moto, na kuivuta kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kalibu ni mchezo wa kuungua.

Chini ya chungu na kalibu weka sinia la chuma lenye kingo. Risasi ikimwagikia saruji tupu, unyevu uliomo ndani ya saruji hugeuka mvuke na kurusha vipande. Mchanga nao hufaa, ila uwe umekaangwa ukakauka kweli, si ule wa ufukweni uliokaa jua la asubuhi moja.

Na chungu? Chuma cha kusubu au chuma kinene, basi. Sufuria nyepesi za alumini hulegea kwa moto wa moja kwa moja, na kilo 10 zilizoyeyuka si kitu cha kuaminia kitako kilicholegea.

Wapo wanaoagiza vyungu vya umeme vyenye tundu chini na fimbo ya kuliziba. Ni vizuri, kwa sababu risasi safi hutoka chini huku uchafu ukielea juu, na umbali kutoka chungu hadi kalibu unabaki sentimita mbili tatu. Lakini tundu huziba au huvuja uchafu ukifika chini. Halafu soma kibandiko kabla ya kulipa: vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani ni vya volti 120, na plagi ya ukutani kwetu inatoa 230 au 240.

## Mvuke

Tone la maji likigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Likiwa juu ya risasi, hutoa sauti na kupotea. Likiwa chini ya risasi, chungu kizima huruka usoni.

Hatari kubwa haiko kwenye mvua unayoiona. Iko kwenye chubwi kuukuu zilizorudi kutoka baharini, zenye tundu, ukungu wa chumvi na maji yaliyojificha ndani. Hizo ziingie chunguni kukiwa baridi, zipate moto pamoja nacho kuanzia mwanzo. Ukitaka kuongeza nyingine kazi ikiendelea, zipange ukingoni mwa jiko robo saa, kisha uziteremshe kwa koleo. Usitupe.

Upawa nao upate moto kwanza. Kadhalika koleo, kijiko cha kuengulia, chochote kinachogusa risasi.

Paa la mabati hukinga mvua, lakini alfajiri hudondosha umande. Paa la makuti halidondoshi, ila linapenda moto. Mimi ningechagua mabati, na ningeanza kazi saa nne, jua likishakausha.

## Kinachoingia chunguni

Mabati ya risasi ya kuezekea, maganda ya risasi ya nyaya kuukuu za umeme, chubwi za zamani: sawa. Vipande vya kusawazishia magurudumu kutoka gereji: sawa kwa tahadhari. Ulaya iliikataza risasi katika vipande hivyo kuanzia 2005, kwa hiyo sasa katika debe moja utakuta risasi, zinki na chuma vimechanganyika. Kipande cha risasi hukwaruzika kwa ukucha na huacha alama ya kijivu kwenye karatasi. Ukikiangusha hutoa mlio uliokufa. Zinki hulia kama sarafu. Vingine vimeandikwa kabisa Zn au Fe.

Zinki ikiyeyukia ndani, risasi huwa nzito kama uji wa ulezi na haijazi kalibu hata uifanyeje. Habari njema ni kwamba zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na ni nyepesi kuliko risasi. Ukiweka chungu chini ya nyuzi 380, vipande vya zinki huelea vizima vizima, unavitoa kwa kijiko. Yule wa "ongeza moto" havioni vikielea, kwake vimeshayeyuka.

Betri za magari: hapana. Ndani ya betri kuna asidi, kuna unga wa risasi ambao ni sumu kuliko risasi yenyewe ikiwa kipande, na kuna madini mengine yanayoweza kutoa gesi za kuua. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha watoto na risasi damuni, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya betri zilizovunjwavunjwa mitaani. Sina la kuongeza hapo.

Risasi ikishayeyuka, tupia kipande cha mshumaa, ukubwa wa punje ya karanga. Kitatoa moshi, uwashe kwa kiberiti uungue badala ya kuupumua. Koroga, kwangua kuta na kitako cha chungu. Sehemu ya ule utando wa juu hurudi kuwa risasi, na kinachobaki ni mavi ya risasi, unga wa kijivu. Uengue, uuweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Usikikung'ute kijiko chini.

## Kumimina

Kwanza paka kalibu masizi. Ishikilie juu ya kibatari mpaka nyuso zake za ndani ziwe nyeusi, safu nyembamba tu. Masizi huzuia risasi isigande mara inapogusa chuma, na chubwi huachia kwa urahisi. Spoku ipate masizi pia.

Kalibu ipashwe moto ukingoni mwa jiko. Chubwi tatu hadi tano za mwanzo hazitakuwa nzuri. Zirudishe chunguni bila kusikitika, kazi yake ilikuwa kupasha kalibu.

Teka mara mbili ya unachohitaji. Chubwi ya gramu 300 ni ujazo wa mililita 26 au 27 tu, lakini upawa uliojaa kiasi hicho hicho hupoa kabla haujamaliza. Mimina mfululizo, mkondo wa unene wa penseli, bila kusita. Ukisita hata kidogo, risasi ya pili hukuta ya kwanza imeshajenga ngozi, na huo ndio mwanzo wa mikunjo. Kalibu ikiinamishwa kidogo mwanzoni, hewa hupata pa kutokea, malizia imesimama.

Acha kichwa kinene mdomoni mwa kalibu. Risasi ikiganda hupungua kiasi cha asilimia 3, na inapopungua hufyonza kutoka juu. Kichwa kikiwa kidogo, kinaganda kwanza, na chubwi inabaki na shimo ndani usiloliona mpaka uipime. Wale wa Marekani hukandamiza mdomo wa upawa juu ya kalibu kwa sekunde tatu nne baada ya kujaa, ili risasi iendelee kushuka. Jaribu, chubwi zako zitaanza kuwa na uzito mmoja.

Kisha subiri. Kichwa hung'aa kama kioo, halafu ghafla hufifia. Hesabu tena mpaka kumi, fungua.

Ukishapata mwendo, mwendo wenyewe huchunga joto la kalibu. Chubwi moja kila dakika, tuseme, bila kusimama kupokea simu.

## Chubwi inavyosema

Makunyanzi na mng'ao: kalibu ni baridi. Ongeza kasi, si moto.

Uso uliofifia kama wenye ukungu, na kichwa kinachochelewa kuganda: kalibu imepata moto mno. Fungua, ipumzishe nusu dakika.

Pembe za mviringo mahali palipotakiwa kuwa na ncha: hewa imenaswa. Kwangua mifereji myembamba kama unywele kutoka ncha hiyo hadi nje ya kalibu. Iwe myembamba kweli. Risasi haipiti kwenye unywele, hewa hupita.

Mapezi ubavuni: kalibu haikufunga. Mara nyingi ni chembe moja ya risasi iliyoganda kati ya nyuso mbili.

Rangi za dhahabu na zambarau zinazotanda juu ya chungu mara tu baada ya kuengua: sasa moto umezidi. Kipimajoto cha waya kinachofika nyuzi 500 kinaondoa ubishi wote huu, lakini macho nayo yafunzwe. Kadiri risasi inavyokaribia nyuzi 500 ndivyo mvuke wake unavyoanza kuwa jambo la kuogopwa, na mavi yanavyoongezeka juu ya chungu.

## Je, lazima iwe risasi?

Hapa ndipo niliposita zaidi.

Mshipi hautaki uzito wa mizani; unataka uzito uliobaki majini. Chubwi ya risasi ya gramu 200 ikizama baharini inabaki na nguvu ya gramu 182. Jiwe la kawaida la gramu 200 linabaki na 124 hivi, na ni kubwa mara nne, kwa hiyo mkondo hulikokota. Hilo kila mvuvi analijua bila hesabu.

Lakini kipande cha nondo cha gramu 200 kinabaki na 174.

Gramu nane tu pungufu! Nondo ya milimita 16 yenye uzito huo ina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Ya milimita 20, sentimita nane. Msumeno, tundu moja au pete ya waya iliyochomelewa, basi. Itapata kutu, ndiyo. Lakini chubwi ya kutupwa kwenye miamba kuwasaka chewa haiishi muda wa kupata kutu. Inanasa na kubaki huko huko. Kila moja inayobaki ikiwa ya risasi ni sumu tuliyoitia maji kwa mikono yetu. Uingereza ilipiga marufuku chubwi ndogo za risasi, zisizofika gramu 28.35, tangu 1987, kwa sababu bata-maji walikuwa wakizimeza na kufa.

Basi mahali pa risasi pamekuwa padogo kuliko nilivyodhani: maji ya bamvua, kina kirefu, mkondo mkali, pale ambapo unene wa mshipi na wa chubwi unahesabika kwa milimita, na nyavu, ambazo zinataka vipande vidogo vingi vinavyobanwa kwenye kamba. Maji mafu kwenye miamba, kata nondo.

Meza ya kusubu ikitumika mara mbili kwa mwaka badala ya kila mwezi, nusu ya maswali ya usalama yamejibika yenyewe.

## Upepo na vumbi

Nusu nyingine ni ya mahali.

Watu huogopa moshi, na chungu kinachochungwa chini ya nyuzi 400 hakitoi mvuke mwingi wa risasi. Kinachofika tumboni mwa mtoto ni vumbi: mavi yaliyomwagika, masizi ya kalibu, unga ulioshika suruali ya baba anayeketi mkekani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo "nyumbani" isomeke upande wa pili wa ua, mbali na kisima, mbali na kuku, mbali na kamba ya nguo.

Upepo uje ubavuni. Wengi huupa mgongo wakidhani unasukuma moshi mbele. Lakini mwili ukiwa kizuizi, upepo huzunguka na kurudisha moshi kifuani na usoni. Ukija kutoka kushoto au kulia, hupita. Na kwa kuwa kusi na kaskazi hazitoki upande mmoja, meza isichimbiwe. Iwe na miguu inayobebwa na watu wawili, igeuzwe msimu ukigeuka.

Viatu vya ngozi, suruali ya pamba inayofunika viatu, miwani, glovu za ngozi. Kandambili hapana, nailoni hapana, inayeyukia mwilini. Kitambaa cha pua hakizuii vumbi la risasi. Sigara, tambuu na karanga zikae mbali mpaka mikono iwe imeoshwa kwa sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Sehemu isifagiwe kavu. Kila kitu kikishapoa kabisa, ipanguswe kwa tambara bichi, na tambara liingie kwenye kopo la mavi.

Na zile risasi ndogo za kubana kwenye mshipi, tafadhali, zibanwe kwa plaizi. Meno yaacheni.

## Kuzima

Usiache chungu kikiwa kimejaa. Siku ya kuwasha tena, risasi ya chini huyeyuka kwanza na kutanuka huku juu kukiwa na kifuniko kigumu, mpaka itafute tundu na kuruka kama chemchemi. Mimina iliyobaki kwenye vikombe vya chuma vikavu, vipande vya kilo moja moja. Ile kidogo inayobaki kitakoni, isimamishie bolti ndefu kabla haijaganda; siku ya kuwasha, joto litapanda kwa bolti hiyo na kufungua njia hadi juu.

Kisha chukua drili, toboa tundu kubwa kwenye ukuta wa chungu, karibu na ukingo, juu ya kimo cha risasi. Halizuii kazi. Lakini siku shughuli ikizidi sufuria na mtu akaingia stoo kutafuta ya kuazima, chenye tundu hakibebi mchuzi.